Kukawia, Kuchelewa na Kujikwaa: Istilahi za Muda na Uchaguzi wa Kompyuta ya Kuongozea Mashine ya Kuchonga



1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imezunguka swali moja: kifaa chenyewe kiitweje? Nchini Kenya wengi wamelikumbatia neno tarakilishi. Nchini Tanzania neno kompyuta ndilo lililoshika mizizi. Na neno ngamizi, lililowahi kupendekezwa, limebaki katika orodha za wanaistilahi. Mjadala huo una faida zake, lakini haujapata kumharibia fundi kazi. Anayesema kompyuta na anayesema tarakilishi, wakiingia katika duka moja, watatoka na chombo kile kile.

Zipo istilahi nyingine, ndogo na zisizozungumzwa sana, ambazo zikikosewa mtu hununua chombo kisichomfaa. Fedha yake hupotea, na pengine hupotea pia gogo la mti uliochukua miongo mingi kukua. Mhadhara huu unahusu istilahi za aina hiyo, zinazotaja muda katika kompyuta zinazoongoza mashine za kuchonga mbao na vyuma. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kinavyo tayari vitenzi vitatu, kukawia, kuchelewa na kujikwaa, vinavyotenganisha mambo matatu ambayo fundi lazima ayatenganishe kabla ya kununua kompyuta. Na kwamba wafasiri wameyachanganya mambo hayo kwa kuyapa yote jina moja la ucheleweshaji.

Mahali palipochaguliwa kuwa kielelezo ni Milola, upande wa bara wa mji wa Lindi. Uchaguzi huu una sababu mbili. Kwanza, ukanda wa Kilwa na Lindi ni nchi ya mpingo, mti ambao mbao yake haimsamehe mchongaji. Hata jina la kata ya Mipingo mkoani humo linaushuhudia mti huo. Pili, Milola ni mahali ambapo Kimwera na lugha jirani zake husikika majumbani, na Kiswahili ndicho lugha ya kazi, ya soko na ya shule ya msingi. Kwa fundi wa mahali kama hapo, istilahi ya Kiswahili isiyoeleweka haina mbadala wa karibu. Msomi wa mjini akikwama hukimbilia Kiingereza; fundi akikwama hukisia, na kukisia kwake hulipiwa kwa mbao.

2.0 Mti, mashine na mapigo

Mpingo ni mbao nzito kiasi cha kuzama majini. Wachongaji wa Kimakonde wameifanya ijulikane duniani kwa vinyago, na watengenezaji wa ala za muziki huitumia kutengeneza klarineti na obo. Mwaka 2009 kijiji cha Kikole, wilayani Kilwa, kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza barani Afrika ambavyo msitu wake wa jamii ulipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu, kwa msaada wa mradi wa hifadhi ya mpingo uliokuwa na makao yake Kilwa. Tangu hapo limeulizwa mara nyingi swali la kiuchumi: kwa nini gogo liondoke likiwa gogo? Thamani kubwa hupatikana pale mbao inapokerezwa na kuchongwa, na siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, zijulikanazo kwa herufi tatu, CNC.

Wazo la kuiongoza mashine kwa tarakimu si geni. Lilianzia Marekani kwa juhudi za John Parsons wa Michigan, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga vyuma iliyofuata maagizo yaliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Katika miaka ya 1990 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitengeneza programu ya kuongozea mashine na kuiachia umma. Programu hiyo, ambayo baadaye iliendelezwa na watu wa kujitolea na kupewa jina la LinuxCNC, hutumika bure juu ya mfumo endeshi wa Linux. Hapo ndipo fundi mwenye mtaji mdogo anapoingia katika habari hii: programu hailipiwi, na kompyuta inaweza kuwa ya mtumba. Kinachobaki ni kuichagua vizuri.

Ili uchaguzi huo ueleweke, sharti ifahamike namna mashine inavyotembea. Mashine nyingi za bei nafuu hutumia mota za hatua. Mota ya aina hii haizunguki mfululizo kama feni; kila inapopokea mpigo mmoja wa umeme husogea hatua moja, kisha hungoja mpigo mwingine. Na ichukuliwe mashine ambayo mota yake hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na kila hatua imegawanywa katika vipande 10. Mzunguko mmoja utahitaji mapigo 2,000. Ikiwa parafujo inayosukuma meza husogea milimita 5 kwa mzunguko, basi milimita moja ni mapigo 400, na mpigo mmoja ni mwendo wa milimita 0.0025. Meza ikitakiwa kwenda milimita 50 kwa sekunde, kompyuta itapaswa kutoa mapigo 20,000 kila sekunde. Kati ya mpigo na mpigo kuna mikrosekunde 50, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Kwa lugha ya ngoma, mota ni mchezaji na kompyuta ni mpigaji. Mchezaji hana macho. Anacho kiungo kimoja tu na mpigaji, nacho ni mdundo.

3.0 Vitenzi vitatu

3.1 Kukawia

Kukawia ni kuchukua muda mrefu. Kitenzi hiki hakisemi kwamba palikuwa na saa iliyopangwa, wala kwamba kuna aliyevunjiwa ahadi. Mtu anaweza kukawia safarini na asimkosee yeyote. Ndiyo maana wahenga waliweza kusema, kwa namna ya kushauri, kawia ufike. Kukawia kunaweza kuwa busara.

Katika kompyuta, muda unaopita kati ya tukio na mwitikio wake huitwa kwa Kiingereza latency. Neno hilo lina asili ya Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kujificha. Kiswahili hakina sababu ya kuifasiri historia hiyo. Kinachohitajika ni jina la muda unaopita, na ukawiaji hulitaja jambo hilo bila kuongeza lawama. Kila kompyuta hukawia kidogo, kama kila mpigaji ngoma anavyohitaji muda wa kuushusha mkono. Ukawiaji ulio sawa kila mara hauidhuru mashine. Mapigo yote yakitoka mikrosekunde 10 baada ya kuagizwa, umbali kati ya mpigo na mpigo unabaki ule ule, na mota haijui kwamba kuna kilichotokea.

3.2 Kuchelewa

Kuchelewa ni jambo jingine, na umbo la kitenzi lenyewe linafichua tofauti. Mzizi ni ule wa kucha, yaani kupambazuka. Katika Kiswahili, sauti l iliyodondoka kwenye mashina mengi hurejea katika kauli ya kutendwa: zaa huwa zaliwa, chukua huwa chukuliwa, pokea huwa pokelewa. Kwa kanuni hiyo hiyo, chea huwa chelewa. Aliyechelewa ni aliyekuchiwa: alfajiri imemfikia kabla hajawa tayari. Kamusi za awali za Kiswahili, za karne ya 19, bado ziliitaja maana ya kuamka na kukuta kumekwisha kupambazuka.

Kwa hiyo kuchelewa hakupimwi kwa urefu wa muda. Hupimwa kwa mpaka uliowekwa. Abiria aliyefika stendi dakika moja baada ya basi kuondoka amechelewa, ingawa hakukawia. Na aliyetembea siku mbili akafika kabla ya arusi amekawia, ingawa hakuchelewa. Methali isemayo chelewa chelewa utamkuta mwana si wako haigombani na ile ya kawia ufike, maana kila moja ina kitenzi chake.

Mifumo ya kompyuta inayobanwa na mpaka wa namna hii imezoeleka kuitwa katika tafsiri mifumo ya wakati halisi. Tafsiri hiyo inafuata maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine na inamwacha msomaji akijiuliza wakati usio halisi ni upi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba dhana iliyokusudiwa ni ya ahadi: kazi ifanyike ifikapo saa iliyopatanwa, si baada. Kiswahili kina neno la ahadi ya namna hiyo, nalo ni miadi. Mfumo wa miadi ni mfumo ambao jibu sahihi lililofika nje ya saa huhesabiwa kuwa kosa. Mwanafunzi ambaye hajapata kuiona kompyuta ataelewa, kwa sababu anajua maana ya kuvunja miadi.

3.3 Kujikwaa

Kitenzi cha tatu kimo katika methali fupi: mwenda pole hajikwai. Methali hii inasema jambo ambalo mara nyingi husahauliwa katika maduka ya kompyuta, kwamba kasi ni kitu kimoja na kujikwaa ni kingine. Anayejikwaa mara nyingi ni mwenye mbio.

Kiingereza huliita jambo hili jitter: tofauti kati ya muda uliotarajiwa na muda uliotokea, inayobadilika kutoka mpigo mmoja hadi mwingine. Wapo walioliita mtetemo. Pendekezo hilo lina hatari inayoonekana wazi mara linapofika karakana. Mtetemo ni neno hai katika ufundi: kisu kikitetema, fundi hukaza boliti, hubana ubao upya au hupunguza kina cha mkato. Akiambiwa kwamba kompyuta yake ina mtetemo mkubwa, atashika spana. Istilahi itakuwa imemtuma mahali pasipo na tatizo.

Linalopendekezwa hapa ni ukwaaji. Lina umbo moja na ukawiaji na uchelewaji, hivyo istilahi tatu zinasimama kama ndugu, ni fupi, linazaa maneno mengine bila shida, kama vile ukwaaji wa juu kabisa au kompyuta isiyokwaa, na maana yake inaonekana usoni pake. Vigezo ambavyo wanaistilahi wa Kiswahili wamekuwa wakivitaja kwa miaka mingi, vya usahihi, iktisadi, uzalishi na uangavu, vinatimizwa. Kigezo cha ukubalifu peke yake ndicho kisichoamuliwa na mhadhara. Huamuliwa na wanaofanya kazi.

4.0 Gharama ya kujikwaa

Madhara ya ukwaaji yanaweza kuhesabiwa. Katika mfano uliotolewa, mapigo yanatakiwa kufuatana kila baada ya mikrosekunde 50. Mpigo mmoja ukijikwaa kwa mikrosekunde 20, utafika baada ya 70. Na mpigo unaoufuata, ukitoka kwa saa yake, utafika baada ya 30 tu. Kwa mota, hiyo ni sawa na kuamrishwa kupunguza mwendo hadi asilimia 71 ya ule uliopangwa, kisha papo hapo kuupandisha hadi asilimia 167. Mota yenye mzigo mwepesi huweza kuvumilia. Mota iliyo karibu na kikomo cha nguvu zake, kwa mfano inayosukuma kisu ndani ya mpingo, huachia.

Mota ya hatua ikiachia hairudi nyuma kwa mpigo mmoja tu. Kwa sababu ya mpangilio wa sumaku zake, kwa kawaida huruka hatua nne nzima au mafungu ya nne. Katika mashine ya mfano, hatua nne ni mapigo 40, yaani milimita 0.1. Kiasi hicho kinatosha kukifanya kiungo cha vipande viwili kisikae. Na ubaya wake mkubwa ni ukimya: mota za kawaida za hatua hazina njia ya kuiarifu kompyuta kwamba zimepotea. Kompyuta huendelea kuamini kwamba kisu kipo mahali fulani, na mikato yote inayofuata hubeba kosa lile lile. Ikitokea mara kumi katika kazi ya saa kadhaa, kosa linaweza kufika milimita nzima. Fundi huona matokeo mwishoni, wakati mbao imekwisha kukatwa.

Kwa hiyo, kosa la istilahi lina bei. Na ichukuliwe hali ya fundi wa Milola, wa kubuni tu, aliyesoma mahali kwamba kompyuta ya kuongozea mashine haitakiwi kuwa na ucheleweshaji. Atakavyoelewa ni kwamba inatakiwa iwe ya kasi. Atajibana, atasafiri hadi Lindi au Dar es Salaam, na atanunua kompyuta mpakato mpya yenye kichakataji chenye nguvu. Atakuwa amenunua mwenda mbio anayejikwaa. Kompyuta ya mezani iliyotoka katika ofisi fulani, yenye umri wa miaka kumi na bei ndogo kuliko hiyo, ingeweza kumfaa zaidi.

5.0 Kuchagua kompyuta

Maana ya istilahi ikishakaa sawa, kanuni za uchaguzi zinafuata zenyewe.

5.1 Nani anapiga mapigo?

Swali la kwanza ni iwapo mapigo yatatolewa na kompyuta yenyewe au na kadi maalumu iliyounganishwa nayo. Katika njia ya kwanza, kompyuta hupitisha mapigo kwenye tundu la zamani la printa, lile pana lenye pini 25, na miadi yake huwa ya makumi machache ya mikrosekunde. Katika njia ya pili, kadi kama zile za kampuni ya Mesa huchukua kazi ya kupiga mapigo. Kompyuta huipa kadi maagizo mara moja kwa kila milisekunde, yaani kila baada ya mikrosekunde 1,000, na kadi huyagawa mapigo kwa utulivu. Kadi hugharimu fedha, lakini huilegezea kompyuta masharti.

Maelekezo ya LinuxCNC yanatoa vipimo vya kuongoza uamuzi. Kompyuta ambayo ukwaaji wake wa juu kabisa hauzidi mikrosekunde 15 hadi 20 inafaa vizuri sana kupiga mapigo yenyewe. Ikiwa kati ya 30 na 50, itafaa pia, ila mwendo wa mashine utapungua. Ikifika 100 au zaidi, isitumike kupiga mapigo. Hapo kadi inahitajika. Na ikizidi 1,000, kompyuta hiyo haifai kuongoza mashine kwa njia yoyote.

5.2 Sababu za kujikwaa

Kompyuta hujikwaa kwa sababu ina mabwana wengi. Mtumiaji huliona dirisha moja, lakini chini yake kuna kazi nyingi zinazogombea kichakataji. Baadhi yake zinaweza kutawaliwa na mfumo endeshi. Ndiyo kazi ya viini vya Linux vilivyorekebishwa kwa ajili ya miadi, kama RTAI na PREEMPT_RT. Hiki cha pili, baada ya takriban miaka ishirini ya kuendelezwa kando, kiliingizwa rasmi katika kiini kikuu cha Linux mwaka 2024, katika toleo la 6.12.

Zipo sababu nyingine ambazo mfumo endeshi hauzioni kabisa. Bodi mama za kompyuta nyingi zina programu ya ndani inayomkatiza kichakataji bila kumtaarifu yeyote, ili kupima joto, kusimamia betri au kuhudumia kibodi. Kompyuta mpakato zimejaa ukatizaji wa namna hiyo, kwa kuwa ziliundwa kutunza betri. Ndiyo sababu hazishauriwi. Uwezo wa kichakataji kulala kikiwa hakina kazi, na kubadilisha kasi yake ili kubana umeme, pia huleta ukwaaji: aliyelala huchukua muda kuamka, na muda huo haufanani kila mara. Picha nazo zina sehemu yake. Kadi ya picha inayogawana kumbukumbu na kichakataji, au programu yake isiyo na adabu, inaweza kuyavuruga mapigo kila dirisha linaposogezwa.

Mengi ya haya hutibika kwa kuingia katika mipangilio ya baiosi na kuzima ubanaji wa umeme, ubadilishaji wa kasi na ugawaji wa kiini kimoja cha kichakataji kuwa viwili vya bandia. Kichakataji chenye viini kadhaa kinaweza pia kutengewa kimoja kwa ajili ya mashine peke yake. Bodi isiyoruhusu mipangilio hiyo kubadilishwa iachwe dukani.

5.3 Kupima kabla ya kulipa

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba ukwaaji haujulikani kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Kompyuta mbili zenye kichakataji cha jina moja zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya bodi mama zake. Hupimwa. LinuxCNC hupatikana katika umbo linaloweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya kompyuta, na ndani yake mna programu ya kipimo. Fundi anaweza kwenda nayo Kariakoo mfukoni na kumwomba muuzaji amruhusu kuijaribu.

Wakati wa kipimo, kompyuta isiachwe ipumzike. Madirisha yafunguliwe na kusogezwa, mafaili makubwa yanakiliwe, video ichezwe, kebo ya mtandao ichomekwe. Kinachosomwa ni namba ya juu kabisa. Wastani hauna maana hapa. Mpigaji aliyepatia mara elfu moja na kukosea mara moja amekwisha kumwangusha mchezaji. Dakika chache dukani zitaonyesha kompyuta zisizofaa kabisa. Ile iliyopita mtihani huo ipimwe tena nyumbani kwa saa kadhaa, kabla ya kufungwa kwenye mashine. Kipimo na uchongaji havifanywi kwa wakati mmoja.

5.4 Mambo ya mahali

Yapo pia mambo ambayo mwongozo ulioandikwa ugenini hauyapi uzito. Tundu la printa halipatikani tena kwenye kompyuta nyingi mpya. Litafutwe kwenye za zamani, au inunuliwe kadi ya kuchomeka ndani ya bodi. Kebo zinazogeuza tundu la USB kuwa tundu la printa hazifai, kwa kuwa USB husafirisha taarifa kwa mafungu na mdundo hupotea njiani. Umeme ukikatika katikati ya mkato, kisu hubaki ndani ya mbao na kompyuta husahau kilipo. Betri ya akiba inayotosha kumaliza mkato au kuisimamisha mashine kwa utaratibu ni sehemu ya gharama ya mwanzo. Vumbi la mpingo ni jepesi na hupenya. Kompyuta yenye feni nyingi huifyonza kama pua. Hapo kompyuta ndogo isiyo na feni, ikisaidiwa na kadi ya mapigo, inaweza kumfaa fundi wa kijijini kuliko kompyuta kubwa.

6.0 Istilahi na wenye kazi

Historia ya istilahi za Kiswahili ina mafanikio ya kujivunia. Tangu Kamati ya Lugha ya 1930, kupitia BAKITA iliyoundwa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maelfu ya maneno ya taaluma yameundwa na kuchapishwa. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na kuonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana.

Hata hivyo, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilimlenga mtu wa ofisini: anayefungua faili, anayehifadhi waraka, anayetuma barua. Fundi alisahauliwa, ingawa ndiye mwenye akiba kubwa ya maneno. Kukereza, jiriwa, keekee, randa, tezo na patasi ni istilahi za ufundi ambazo hazikutungwa na kamati. Zilikuja na kazi na zikadumu na kazi. Kerezo lilikuwa jina la mashine ya kukereza kabla mashine hiyo haijapata umeme. Mwanaistilahi anayekaa katika maktaba akitafuta neno la mota, parafujo au mkato hana budi kutembelea karakana kwanza, kwani pengine neno hilo limekwisha kuundwa, na liko mdomoni mwa kijana anayejifunza kazi.

Wapo watakaopinga kwamba maneno kama ukawiaji na ukwaaji ni ya kawaida mno kwa taaluma, na kwamba fundi atakayesoma mwongozo wa Kiingereza kesho atahitaji neno la Kiingereza. Pingamizi la pili lina uzito, na jibu lake ni kwamba neno la kigeni hujifunzwa upesi zaidi na yule ambaye dhana imekwisha kumkaa akilini kwa lugha yake. Pingamizi la kwanza lina jibu jepesi zaidi. Kiingereza chenyewe kiliyaokota maneno yake ya kompyuta barabarani: panya, dirisha, wavu. Ukawaida wa neno ndio uliowawezesha watu wasio wahandisi kuingia katika taaluma hiyo.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umependekeza kwamba neno ucheleweshaji liondolewe katika kazi ambayo haliwezi kuifanya, na nafasi yake ichukuliwe na istilahi tatu: ukawiaji kwa muda unaopita kati ya agizo na mwitikio, uchelewaji kwa kuvuka mpaka wa miadi, na ukwaaji kwa kutolingana kwa muda huo kutoka tukio moja hadi jingine. Pamoja nazo, mfumo wa miadi umependekezwa kushika nafasi ya mfumo wa wakati halisi.

Mapendekezo haya yanastahili kupelekwa katika vyuo vya ufundi, VETA Lindi kikiwa kimojawapo, yajaribiwe midomoni mwa wanafunzi kabla ya kusanifiwa. Wakiyakataa na kuleta yao, kazi itakuwa imefanyika. Jambo lisiloweza kungoja ni utenganisho wenyewe. Fundi wa Milola anayeingia dukani na fedha za msimu mzima wa ufuta au korosho anastahili kuwa na swali sahihi la kumuuliza muuzaji. Swali hilo halihusu kasi ya kompyuta. Linahusu jambo moja: ikilemewa na kazi, hujikwaa kwa kiasi gani?